Siku Kumi na Saba Juu ya Mlima wa Shaba

Kama umeambiwa leo kwamba una kifua kikuu, kaa kwanza. Vua viatu, kunywa chai. Hutakufa leo. Mimi niliambiwa siku ya Jumanne, mvua ikipiga mabati, katika kituo kimoja cha afya pale Likasi, Kongo, na neno la kwanza lililonitoka mdomoni ni kwamba nina mimea mibichi nyumbani, haiwezi kusubiri. Muuguzi alinitazama kama mtu anayetazama kichaa. Hakukosea sana.

Naitwa Mwanaidi, kwetu Lushoto. Kazi yangu ni kukusanya mimea. Watu wakisikia hivyo hudhani mimi ni mganga, wananiomba dawa ya mgongo. Siyo. Nachuma tawi lenye ua, nalilaza kati ya magazeti, nalibana kwa mbao mbili na mikanda, na kila siku nabadilisha magazeti yaliyolowa mpaka tawi likauke kabisa. Kisha nalipatia namba, naandika limetoka wapi na ua lake lilikuwa na rangi gani. Tawi lisilo na ua ni kuni tu. Ukikosa ua, wenzako wa kazi hii watakuambia hujaona kitu.

Likasi nilipelekwa na mkuu wangu wa kazi kufuata nyayo za mzungu mmoja wa zamani sana. Alipita vilima vile kwa miguu, reli haijafika, akiandika kila jani na kila ndege. Nilikuwa na nakala ya daftari lake, na kazi yangu ilikuwa kwenda kila mlima alioutaja nikaangalie kimebaki nini. Vilima vya shaba vina maua yake ambayo hayaoti penginepo, na vilima vyenyewe vingi siku hizi ni mashimo. Daftari lile nililipenda, na nililichukia pia. Kuna ukurasa ameandika: "Homa. Siku tisa." Siku ya kumi anaendelea na kipepeo! Jamani, siku tisa za homa, mtu yuko mbali na kwao, na hana la kusema? Nani alimpa maji? Alimlilia nani? Wapagazi wake walifanya nini siku zote hizo? Hakuna. Nami sikuumbiwa kunyamaza, kwa hiyo nitasema yote.

Na la kwanza la kusema ni hili: nilikuwa nimemwacha binti yangu, Shani, kwa dada yangu Zuhura. Alikuwa na miaka minne. Baba yake alishaoa kwingine, hilo tuliache. Kila jioni nilipiga simu, na Shani aliniimbia nyimbo za shuleni hadi salio liishe. Kila nilichokuja kukifanya baadaye, cha akili na cha upumbavu, nilikifanya nikijua kwamba nikifa kule, yule mtoto hatanikumbuka hata sura. Nilijua, na bado nilikifanya.

Kikohozi kilianza Desemba. Ilikuwa mvua juu ya mvua, magazeti hayakauki, maua yanaota ukungu. Nikafanya wanavyofanya wenzangu wote wa kazi hii: nikafunga dirisha, nikaingiza mbabula chumbani, lile jiko la makaa la watu wa Likasi, nikazungushia mbao zangu ili joto likaushe mimea. Chumba kikawa moshi mtupu. Basi nilipokohoa nilijua sababu. Hata mwenye nyumba wangu, Mama Mbuyi, mjane ambaye babu yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi, alijua sababu.

"Njo ile moshi ya makala," aliniambia kutoka uani, akisonga bukari, ugali wa kwao; kwao njo ni ndiyo, na makala ni makaa. "Weye unalala na mbabula mu chumba, na maua, na magazeti. Muntu gani analala na majani?"

"Nitaitoa yakikauka, Mama."

"Yatakauka, na weye utakauka."

Tulicheka sana. Wiki kumi nilikohoa nikilaumu moshi. Usiku jasho lililowesha shuka, nikalaumu joto la makaa. Suruali ikaanza kunidondoka, nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda, nikajisifu kwamba kupanda milima kunanipa umbo. Ndugu yangu unayesoma, kama kazi yako ina vumbi, moshi au unga, na unakohoa zaidi ya wiki mbili, usiilaumu kazi. Nenda ukapime. Mimi ni mtu wa kutambua mmea kwa jani moja kavu, nikashindwa kujitambua mwenyewe.

Kituo cha afya kilikuwa na benchi la saruji nje, chini ya bati, kwa sababu watu wa kifua hawakai ndani. Nyuma ya jengo palikuwa na kona yenye ukuta mfupi. Unapewa kikopo, unakwenda kule kutoa makohozi, na benchi zima linageuza macho upande wa barabara. Hakuna aliyefundisha adabu ile. Kila mtu aliikuta akaifuata. Mimi mara ya kwanza nilisimama na kikopo nikashindwa, nikalia badala ya kukohoa, na hakuna aliyegeuka. Niliwashukuru kwa hilo.

Miezi miwili ya mwanzo unameza dawa mbele ya muuguzi kila asubuhi, tumbo tupu. Muuguzi wetu aliitwa Mama Godé. Alikuwa na mwili mkubwa na sauti ndogo, na hakumwamini mtu. "Fungua kinywa. Pandisha ulimi. Bon." Yaani vyema. Siku ya kwanza mkojo ulitoka mwekundu, nikapiga yowe chooni hadi Mama Mbuyi akaja mbio na mwiko mkononi. Ni dawa tu, usiogope. Kichefuchefu nacho ni dawa. Viungo vinauma kama umelima shamba la mtu, nayo ni dawa. Lakini upweke si dawa, na huo hakuna aliyenionya.

Mama Mbuyi alinipa sahani yangu na kikombe changu, akavifunga uzi mwekundu ili visichanganyike. Alifanya vile machoni pangu, kwa heshima, akaomba radhi. Iliniuma kama kofi. Nilikula peke yangu mlangoni pa chumba, yeye akila uani, hatua kumi kati yetu, tukiongea kwa kupaza sauti. Wanawake wa kwaya yake walikuja Jumapili wakasimama nje ya dirisha langu, wakaniombea kwa Yesu kwa saa nzima kwa ngoma na makofi. Mimi Mwislamu ndani, barakoa usoni, kila wakinyamaza najibu "Amina" kwa nguvu ili wasidhani nimekufa. Nilicheka hadi nikakohoa. Walipoondoka chumba kilikuwa kimya kupita kiasi, nikatamani waanze upya.

Pale kwenye benchi wengi walikuwa wachimbaji, vijana wa Kakanda na wengine waliokuwa wakiingia mgodi uliofungwa wa Shinkolobwe kwa kificho, na wapondaji mawe wa Kakontwe. Jirani yangu alikuwa Papa Kasongo, mchimbaji wa makamo, mifupa mitupu, mcheshi. Siku ya tatu aliangalia kucha zangu zilizojaa udongo.

"Mama, weye unachimba wapi?"

"Mimi nachimba maua."

Benchi zima lilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba hata wao huanza na maua. Wakiona mlima hauna miti, una majani mafupi tu na vile viua vya bluu, wanajua. "Pale kwenye maua, njo kuko shaba. Batu banaangalia maua, kisha banatoboa." Nikaona aibu. Miaka yote nilidhani siri ile ni yetu sisi wenye madaftari.

Nikamwonyesha mchoro ndani ya daftari la mzungu, mmea mmoja mdogo ambao tangu yeye aupate hakuna aliyeuleta tena ukiwa na ua. Papa Kasongo akaupitishia kidole. Akasema anaujua. Upo mlimani upande wa Kakanda, unafungua mvua zikikaribia kwisha, siku chache tu. "Lakini kiangazi hii batu batatoboa ile mulima. Imekwisha."

Ilikuwa Aprili. Nilikuwa wiki ya sita ya dawa. Kikohozi kilikuwa kimepungua, nilikuwa nimeongeza kilo mbili, na nilikuwa mjinga kabisa. Nilijiambia ni siku tano. Nilijiambia mwili unaweza kukumbuka dawa siku tano. Sikumwambia Mama Godé kwa sababu angekataa, na sikumwambia Zuhura kwa sababu angelia. Mama Mbuyi nilimwambia nakwenda kituo kingine, dawa nitapewa huko. Nilimdanganya mtu aliyekuwa akinibadilishia magazeti ya mimea siku nisizoweza kusimama. Nikapanda pikipiki na mbao zangu mgongoni.

Mmea nilioufuata niliukuta. Papa Kasongo hakudanganya hata kidogo: miche ishirini na kitu kwenye ubavu wa mlima, jani lile lile la kwenye mchoro, na kila mche una vitumba vilivyofumba. Nilipiga magoti nikaugusa. Kitumba si ua. Rangi haionekani, ndani hakusomeki. Basi nikangoja. Nilipanga kibanda kwa bibi mmoja chini ya mlima, kila asubuhi napanda, kila asubuhi vitumba vimefumba. Simu haikushika mtandao. Siku ya tano ikawa ya nane. Homa ilirudi siku ya kumi. Siku ya kumi na mbili nilipanda mlima kwa mikono na magoti, na nikiwa juu nilifikiri jambo ambalo hadi leo naona haya kuliandika: nilifikiri, vifungue kwanza, halafu nife. Shani hakunijia kabisa akilini. Mama mzazi ninayesema haya ni mimi.

Siku ya kumi na sita nilikuwa nimekaa kati ya ile miche, nikakohoa, nikajifuta mdomo kwa gazeti la karibu. Ni gazeti la kukaushia. Lilikuwa na damu, nyingi, nyekundu kweli. Hapo ndipo mtoto aliponijia, na sauti yake akiimba. Nikaanza kuita watu. Mlima ule ulikuwa mtupu. Niliita kwa Kiswahili, niliita kwa Kisambaa, nikaita hata jina la mama yangu aliyezikwa. Upweke mkubwa kuliko ule sijauona. Niliteremka nikijikokota, bibi akanilaza, na asubuhi, siku ya kumi na saba, lori la makaa likanichukua, nimelazwa juu ya magunia. Sikugeuka kuangalia kama vitumba vimefunguka.

Mama Godé hakunifokea. Heri angefoka. Alinipima uzito, kilo arobaini na moja, akachukua kadi yangu ya kijani ya kuhesabia dawa, akaitia kwenye droo, akatoa kadi nyingine mpya nyeupe kabisa.

"Tunaanza tena. Moja."

"Na wiki sita zile?"

"Zile ulizitupa ku mulima. Ulikuwaka wapi hata usinitume neno? Miye nilimutuma muntu kwako mara tatu. Ile mama yako wa nyumba alilia hapa mbele ya bagonjwa yote."

Nilimkuta Mama Mbuyi uani. Hakunisalimu. Alikuwa ameanika magazeti yangu kwenye kamba, moja moja, kama nguo. "Maua yako haikuoza," alisema. "Weye njo ulitaka kuoza." Akaingia ndani. Wiki nzima aliniwekea chakula mlangoni bila kusema neno, na nilistahili.

Zuhura nilimpata jioni ile. Alisikiliza yote. Halafu akasema, "Siku kumi na saba Mwanaidi, nilikuwa nishaanza kufikiri nani ataileta maiti." Nikaomba Shani. Nikasikia akiitwa, nikasikia miguu, nikasikia mtoto akisema kwa utulivu kabisa, "Sitaki." Siku kumi na saba alikuwa amekaa karibu na simu saa ile ile ya jioni, na simu haikulia. Sasa hakuitaka tena.

Kiangazi cha Likasi kina baridi ambayo wageni hatuitegemei. Juni na Julai upepo unafagia vumbi la malori, mdomo unapasuka, na kwenye benchi la saruji tulikaa tumejifunika mablanketi kama wasafiri. Kila asubuhi nilikuwa wa kwanza. Fungua kinywa, pandisha ulimi, bon. Nywele zilinidondoka mbele. Ngozi ya uso ikawa nyeusi mashavuni. Nilipojiangalia kwenye kioo cha Mama Mbuyi nilimwona marehemu mama yangu katika siku zake za mwisho, nikaomba kioo kihamishwe. Sikugusa mmea hata mmoja miezi ile. Daftari la mzungu nililitia chini ya godoro.

Kila jioni nilipiga simu, saa ile ile, na kila jioni Shani alisema hataki. Zuhura aliniwekea sauti ya juu ili angalau nisikie nyumba: sufuria, redio ya jirani, mtoto akikariri herufi. Nilikaa kitandani na simu sikioni. Kuna wakati nilimsikia akimwita Zuhura "Mama". Siyo Mama Mkubwa, Mama tu. Zuhura akaitika. Angefanyaje? Nilikata simu nikalia na mto mdomoni, si kwa hasira, kwa wivu. Nisingependa kumficha mtu hilo.

Fadhili zilikuwepo, ndogo ndogo, na nataka uzihesabu zako maana zitakushika. Idi Kubwa iliangukia kwenye baridi ile, na mimi sikuwa na mtu wa kumpa mkono wa Idi. Mchana Mama Mbuyi alikuja na sahani ya kuku. Akasema amempeleka kwa Mwislamu wa sokoni akachinjiwe, ili nisikatae. Kisha akavuta kigoda akakaa mlangoni kwangu, hatua moja tu, akala na mimi. Sahani yangu haikuwa na uzi. Vipimo vilikuwa vimeonyesha tangu wiki iliyopita kwamba siambukizi tena, na yeye alikwenda mwenyewe kumuuliza Mama Godé.

"Sasa tunaweza kuongea pole pole," alisema. "Nilichoka kusema kwa makelele."

Papa Kasongo alimaliza dawa zake Agosti. Alikuja na shati jeupe kuchukua karatasi yake, amenenepa. Nilimwambia sikuupata ua. Akatikisa kichwa. Alisema ule mlima umekwisha tobolewa, alipita akaona mashine. Nilingoja moyo uniume. Uliuma, lakini kidogo, na niliona kwamba kuna kitu kingine kinauma zaidi mahali pale pale.

Kadi nyeupe ilijaa Oktoba, miti ya mtaani ikichanua zambarau na joto likipanda kabla ya mvua. Makohozi ya mwisho, nikangoja benchini saa tatu. Mama Godé akatoka na karatasi, akaipiga muhuri juu ya goti lake, akasema kwa ile sauti ndogo, "Umepona. Rudi kwenu." Nikamkumbatia. Alikuwa hajawahi kukumbatiwa pale, mikono yake hakujua aipeleke wapi. Nikatoka barabarani nikiwa mzima, nikatazama huku na huku nimwambie nani. Watu walipita na shughuli zao. Nikamwambia muuza ndizi. Akasema, "Félicitations, mama," hongera kwa Kifaransa, akaniongezea moja.

Wiki ile ile mkuu wangu aliniandikia. Kuna mlima mwingine, mbele zaidi, huenda ule mmea upo. Je, niko tayari kwenda nyumbani kupumzika kisha nirudi kwa ajili ya Aprili? Sikumjibu. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilifungasha mimea yangu iliyokauka, Mama Mbuyi akanisindikiza hadi kituo cha basi, akalia waziwazi, akanikataza kulia kwa sababu nitaanza kukohoa. Siku nne za barabara, barua ile ikiwa mfukoni bila jibu.

Nilifika Lushoto asubuhi, ukungu haujapanda. Zuhura alikuwa amesimama uani, akaweka ndoo chini, akaniangalia kuanzia nywele hadi miguu, akafunika mdomo kwa mkono. Nyuma yake mlangoni alisimama msichana mrefu, sketi ya shule, soksi zimevutwa vizuri. Miezi kumi na minne.

"Shikamoo," aliniambia.

"Marahaba, mwanangu."

Hakuja. Aliangalia begi langu, akalipima kwa macho, begi moja tu. Akauliza kwa adabu, kama wanavyofundishwa kuwauliza wageni:

"Umekuja kukaa siku ngapi?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Niliyaacha. Nikatoa barua mfukoni, nikaichana mara mbili, nikaitia kwenye moto wa jiko la Zuhura, kitu ambacho mtoto hakukielewa wala hakikumhusu. Nikamwambia, "Zote."

Shani akamgeukia Zuhura. "Mama Mkubwa, amesema zote. Ni kweli?"

"Muulize mwenyewe."

Hakuniuliza. Aliingia ndani. Nikakaa pale pale kizingitini, nikalia mbele ya dada yangu na majirani waliokuwa wanachungulia. Baada ya muda nikaona soksi zile mbele yangu. Alikuwa na kikombe cha maji, amekishika kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama mtu anayemhudumia mgeni. Nikakipokea nikanywa yote. Nikamrudishia, nikamwomba kingine, ili aende na arudi tena.